Waya kwenye valvu ya supachaja: kuvutavuta kumekwisha, lakini kwa gharama gani?

Swali lililonifikia kutoka kwa msomaji wa Nairobi, nikilifupisha, ni hili: "Nina Mini Cooper S ya mwaka 2005, ile yenye supachaja. Kwa miezi kadhaa gari lilikuwa linavutavuta. Nikishikilia mwendo wa kilomita 50 kwa saa bila kukanyaga sana, lilikuwa linaruka mbele kidogo, linalegea, kisha linaruka tena. Fundi amekuta kijivalvu karibu na supachaja ambacho anasema kinarudisha upepo nyuma na kuupoteza, akakifunga kwa waya kisifunguke. Kuvutavuta kumekwisha, na naona gari lina nguvu kuliko zamani. Je, kijivalvu hicho kina kazi gani, na kuna ubaya nikiendelea hivi?"

Ndugu msomaji, fundi wako ameona vizuri lakini amehukumu vibaya. Ni kweli kwamba valvu hiyo hurudisha hewa nyuma, na ni kweli pia kwamba gari limebadilika baada ya kufungwa waya. Sina sababu ya kukuambia kuwa unajidanganya. Kisicho kweli ni kwamba hewa hiyo ilikuwa inapotea. Na nguvu unayoihisi sasa haikuongezwa mahali ambapo ungeihitaji, yaani mguu ukiwa umefika chini kabisa na lori likiwa mbele yako. Nitaiita valvu ya mchepuko, kwa maana ile ile ya barabara ya mchepuko, na aliyezoea maana nyingine ya mtaani anivumilie.

Tuanze na chombo chenyewe. Supachaja ni pampu inayosukuma hewa kwenye injini, ikizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Ya gari lako ni Eaton M45, ya jamii iitwayo Roots, yenye rota mbili zinazozunguka kwa kuelekeana ndani ya nyumba ya alumini, kila rota ikiwa na mabawa matatu yaliyosokotwa kidogo kama kamba. Watu wengi hudhani kwamba rota hizo huisaga na kuibana hewa katikati yao, kumbe sivyo. Hewa huchukuliwa kwenye mifuko iliyo kati ya bawa na ukuta wa nyumba, huzungushwa ikiwa na presha ile ile iliyoingia nayo, kisha hutupwa upande wa pili. Kubanwa hutokea pale mfuko unapofunguka upande wa kutokea na kukutana na hewa iliyokwisha kusongamana huko, ambayo hurudi kwa kishindo na kuujaza. Kwa hiyo supachaja ya aina hii ni mbeba mizigo asiyeuliza maswali: kila mzunguko anabeba kiasi kile kile, mzigo uhitajike au usihitajike.

Kiasi hicho kinajulikana. Namba 45 katika jina lake ni inchi za ujazo, sawa na lita 0.74 hivi kwa kila mzunguko. Puli zake huifanya izunguke takriban mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Injini yako ni ya lita 1.6, na kwa kuwa ni ya mipigo minne, huvuta lita 0.8 tu kwa kila mzunguko wake. Chukua injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika: silinda zinaweza kumeza lita 2,400 kwa dakika, lakini supachaja inasukuma karibu lita 4,400. Zile lita 2,000 za ziada, mguu ukiwa chini, ndizo zinazogeuka kuwa presha ya ziada kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), ambayo baada ya kutoa kinachovuja pembeni mwa rota hufika baa 0.7 hadi 0.8 juu ya presha ya hewa ya nje, ukiwa usawa wa bahari. Hapo ndipo injini ndogo ya lita 1.6 inapopata nguvu za farasi 170.

Lakini dereva hakanyagi mpaka chini kutwa nzima. Sehemu kubwa ya safari, na Nairobi sehemu kubwa zaidi, throto, yaani kibao kinachofunguka ukikanyaga mafuta ili hewa iingie, inakuwa imefunguka kidogo tu, injini inahitaji hewa chache, na supachaja iliyofungwa kwenye mkanda inaendelea kubeba mara mbili ya kinachotakiwa. Valvu ya mchepuko ipo kwa ajili ya saa hizo. Ni kibao cha duara ndani ya njia fupi inayounganisha upande wa kutokea wa supachaja na upande wake wa kuingilia. Kikifunguka, hewa iliyozidi hurudi ilikotoka, ikapita tena kwenye rota, ikarudi tena. Inazunguka, haipotei. Throto ya gari lako iko kabla ya supachaja, kwa hiyo hewa hiyo imekwisha kupita kwenye throto na imekwisha kuhesabiwa. Hakuna hata lita moja inayotoka nje ya mfumo.

Faida ya mzunguko huo inaonekana ukipiga hesabu ya kazi ambayo rota zinafanya. Kwa supachaja ya Roots hesabu ni nyepesi: nguvu inayotumika ni ujazo wa hewa inayobebwa kwa sekunde, mara tofauti ya presha kati ya upande wa kutokea na upande wa kuingilia. Tofauti hiyo ikiwa karibu na sifuri, rota zinazunguka bure, zikipambana na msuguano wa beringi na giya tu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 na mchepuko ukiwa wazi, tofauti ya kilopaskali 2 hivi (baa moja ni kilopaskali 100) hula wati 150, ambazo ni kama taa mbili tatu za kizamani. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, mguu chini na mchepuko umefungwa, supachaja hula karibu kilowati 11 kabla hata ya kuhesabu msuguano, yaani nguvu za farasi 15 zinazochukuliwa kutoka kwenye injini ile ile inayosaidiwa. Ni bei inayokubalika wakati wa kulipita lori. Si bei ya kulipa ukiwa umesimama kwenye mzunguko wa barabara ukisubiri polisi akuruhusu.

Utauliza kwa nini wasingeweka klachi ya sumaku, kama ile ya kompresa ya kiyoyozi, supachaja ikasimama kabisa isipohitajika. Wapo waliofanya hivyo: Toyota waliiweka kwenye injini ya 4A-GZE mwaka 1986, wakiwa na valvu ya mchepuko pia, na Volkswagen waliitumia kwenye 1.4 TSI ya mwaka 2005 iliyokuwa na supachaja na tabochaja pamoja, ambamo klachi huiachia supachaja injini ikivuka mizunguko 3,500. Kwa gari lako haiwezekani, kwa sababu moja ambayo wenye Mini wengi huijua siku ya hasara: supachaja ndiyo inayozungusha pampu ya maji, kupitia giya zilizo nyuma yake. Ukiisimamisha supachaja umesimamisha maji. Hivyo lazima izunguke muda wote, na njia pekee ya kuipumzisha huku inazunguka ni kufanya presha ya pande zake mbili ilingane.

Sasa tuje kwenye namna valvu inavyojua wakati wa kufunguka. Hakuna waya wa umeme. Kando ya kibao kuna kikopo chenye kiwambo laini ndani yake na springi. Springi inakisukuma kibao kifunge. Mpira mwembamba unaleta vakyumu, yaani mnyonyo wa presha iliyo chini ya ile ya hewa ya nje, kutoka eneo lililo kati ya throto na rota. Injini ikiwa imezimwa hakuna vakyumu, kwa hiyo springi inashinda na kibao kimefungwa. Ukiwasha tu, throto ikiwa imebana, vakyumu inavuta kiwambo, mkono mdogo wa chuma unasogea, na kibao kinafunguka wazi. Ukikanyaga mafuta, throto inafunguka, vakyumu inapungua, springi inaanza kushinda, kibao kinafunga taratibu kulingana na mguu wako, na kufikia pale throto inapokuwa wazi kabisa, mchepuko umefungwa. Naomba uishike sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayomjibu fundi: wakati unapotaka nguvu zote, valvu hii, ikiwa si mbovu, huwa imeshafungwa yenyewe, na waya hauna la kuongeza.

Basi nguvu unayoihisi imetoka wapi? Imetoka katikati ya pedali. Kabla ya waya, ukikanyaga nusu, mchepuko ulikuwa bado wazi kiasi, na presha nyuma ya throto ilikuwa karibu na ile ya hewa ya nje, kwa hiyo hewa iliyopita kwenye throto ilikuwa ya wastani. Sasa mchepuko umefungwa, rota zinavuta kwa nguvu upande wa kuingilia, presha nyuma ya throto inashuka, na kupitia uwazi ule ule wa throto inaingia hewa nyingi zaidi. Mguu ule ule, hewa zaidi. Ungeweza kuipata hewa hiyo hiyo kwa kukanyaga sentimita moja zaidi, bila waya. Ukitaka kuthibitisha, pima muda wa kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa ukiwa gia ya tatu na mguu chini kabisa, ukiwa na waya na ukiwa huna, mahali ambapo barabara inaruhusu. Ikiwa valvu ilikuwa inafunga vizuri, muda hautabadilika.

Kuvutavuta nako kuna maelezo yake, na hapa waya unadanganya zaidi kwa sababu unaondoa dalili kweli. Kwenye mguu mwepesi, kibao huelea mahali ambapo vakyumu na springi vinakaribia kulingana. Valvu nzima huhama hapo kwa ulaini. Ile iliyochoka, yenye ekseli iliyolegea au iliyojaa masizi ya oili, au yenye kiwambo kilichotoboka kitundu kidogo, huganda kwanza na kisha huruka. Ikiruka kufunga, presha ya manifoldi inapanda ghafla na gari linaruka mbele. Dereva analegeza mguu bila hata kujua, vakyumu inarudi, valvu inaruka kufunguka, gari linalegea. Mguu unaongezwa tena, na mchezo unaanza upya. Wenye magari haya huko Uingereza na Marekani huita tatizo hili yo-yo, kwa jina la kile kichezeo cha kamba kinachopanda na kushuka, na jina limekaa. Niliwahi kufungua kikopo cha gari la aina hii lenye malalamiko kama yako neno kwa neno: kiwambo kilikuwa na mpasuko usiozidi upana wa ukucha wa kidole kidogo, kwenye mkunjo wake, na bila kukiinua kwenye mwanga nisingeuona. Kuifunga valvu kwa waya kunaondoa kuruka kwa sababu kunaondoa kila mwendo, kama vile mtu anavyoponya mlango unaopigapiga kwa kuupigilia misumari.

Ubaya ni nini, basi? Sitakutisha kwamba injini itapasuka kesho. Kwa kuwa throto yako iko kabla ya supachaja, kosa hili ni la polepole. La kwanza ni mafuta. Kwenye mizunguko 3,000 na mguu mwepesi, manifoldi ikiwa na kilopaskali 50, mchepuko uliofungwa unashusha upande wa kuingilia hadi kama 30, na tofauti hiyo ya 20 inakula karibu kilowati 1.5, yaani mara kumi ya ilivyokuwa. Hiyo ni takriban sehemu ya kumi ya nguvu ambayo gari dogo kama hili linahitaji kushikilia kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare, na unailipia kituoni kila wiki.

La pili ni joto, na hili hata mafundi wazuri hulisahau. Joto ambalo supachaja inaongeza kwenye hewa halifuati tofauti ya presha bali uwiano wake, na uwiano, mchepuko ukiwa umefungwa, unakuwa karibu ule ule wakati wote kwa sababu unatokana na ukubwa wa rota na puli. Kutoka 30 hadi 50 ni mara 1.67, kutoka 100 hadi 175, mguu ukiwa chini, ni mara 1.75. Kwa hiyo ukiwa kwenye foleni, hewa inapata moto wa nyuzi 50 na zaidi, karibu sawa na mtu anayekimbiza gari kwenye kiwanja cha mashindano, tofauti ikiwa kwamba wewe huna upepo wa mbele wa kupoza intakula (kipoza hewa) iliyolala juu ya injini. Nyumba ya supachaja, rota zake na oili ya giya zake hupikwa kila siku badala ya dakika chache. Oili hiyo ni kidogo, ina vyumba vyake viwili peke yake isiyochangia na oili ya injini, na giya za nyuma inazozilainisha ndizo zile zinazozungusha pampu ya maji.

La tatu ni vakyumu kali upande wa kuingilia kila unapoachia mafuta injini ikiwa na mizunguko mingi. Rota zinaendelea kunyonya kwenye nafasi iliyozibwa na throto, na sili za shafti zinavutwa upande ambao hazikuzoea, jambo linaloweza kuvuta oili ya giya ikaingia kwenye hewa ya injini. Wakati huo huo, hewa iliyosongamana kwenye intakula na manifoldi haina mlango wa kurudi, inabidi imalizwe na silinda, kwa hiyo gari linachelewa kidogo kulegea baada ya mguu kuinuka. Kwenye kona yenye matope ya mvua za masika, uchelewaji huo utauona.

Nimesema kosa hili ni la polepole kwa gari lako. Si kila gari lina bahati hiyo, na nalisema kwa sababu fundi wako huenda kesho akakutana na Mercedes-Benz C 200 Kompressor, ambazo zimejaa mijini kwetu. Kwenye zile zenye injini ya M271, kibao cha kurudisha hewa kinaendeshwa na mota ya umeme kwa amri ya kompyuta ya injini, na kazi yake si kupumzisha supachaja tu bali pia kudhibiti presha inayoruhusiwa. Hapo waya haufichi kitu. Kompyuta ikiona kibao hakitii, inawasha taa na kupunguza nguvu. Na kwenye mfumo wowote ambao throto iko baada ya supachaja ya Roots, kuachia mafuta ghafla mchepuko ukiwa umezibwa ni sawa na kuendelea kupakia mizigo kwenye chumba kilichofungwa mlango: presha inapanda mpaka mkanda uteleze, bomba lichomoke au kitu kingine kikubali kushindwa.

Pia usiichanganye valvu hii na ile ya magari ya tabochaja inayotoa mlio wa pshii. Ile hukaa imefungwa na kufunguka kwa sekunde chache tu mguu unapoinuka, ili feni ya kompresa isigongwe na hewa inayorudi. Supachaja za feni zina valvu yenye kazi kama hiyo. Ya kwako ni kinyume: kufunguka ndiyo hali yake ya kawaida na kufunga ndiyo hali ya muda.

Sasa cha kufanya. Ukate waya kwanza, injini ikiwa imepoa. Chukua tochi na kioo kidogo, utazame mkono wa chuma wa kikopo wakati mwenzako anawasha gari: unatakiwa kusogea mara tu injini inapowaka na kubaki hapo ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila mafuta kukanyagwa. Akikanyaga mafuta ghafla na kuachia, mkono uende na kurudi bila kusita. Usiposogea, chomoa ule mpira mwembamba na uukague wote kwa vidole, hasa mwisho wake, kwa maana joto huukausha ukapasuka mahali palipojificha. Nusu ya valvu ninazoletewa kama mbovu zilihitaji mpira wa shilingi chache. Mpira ukiwa mzima, unganisha pampu ya mkono ya vakyumu kwenye kikopo, vuta, kisha subiri dakika moja. Sindano ya kipimo cha pampu ikirudi, kiwambo kimetoboka na kikopo hakitengenezeki. Sindano ikibaki lakini mkono ukaenda kwa kurukaruka, ni uchafu au ekseli iliyolika: jaribu kusafisha kibao kwa dawa ya kusafishia kabureta, na ukiona kinacheza upande kwa upande, nunua valvu mpya. Ya kutoka kwenye gari bovu siipendekezi, kwa kuwa nayo ina umri ule ule wa kiwambo.

Kama una kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, soma presha ya manifoldi. Kumbuka kwamba kifaa huonyesha presha kamili, si ile ya juu ya hewa ya nje, na kwamba Nairobi, kwa mwinuko wake, hewa ya nje yenyewe ni kilopaskali 83 hivi na si 101 kama Mombasa. Ikiwa sailensi utaona kati ya 30 na 45. Mguu ukiwa chini kwenye mizunguko ya juu, Mombasa ungetarajia karibu 175. Kwako, kwa kuwa supachaja huzidisha kile inachopewa, ni 140 hadi 150, na hiyo si dalili ya ubovu. Ukiona namba haipiti 83 hata ukikanyaga mpaka chini, na mkanda hautelezi, mchepuko umekwama wazi, na hapo peke yake ndipo maneno ya fundi wako kwamba valvu inakunyima nguvu yangekuwa sahihi.

Kuifikia valvu yenyewe kwa ajili ya kuibadilisha kunahitaji kuondoa kasha la filta ya hewa na intakula. Gari likiwa limefunguliwa hivyo, mwambie fundi aushike mkono wa kibao na kuuzungusha mara kumi kabla hajaifunga valvu mpya mahali pake, na achunguze kama kuna oili mbichi kwenye mdomo wa kuingilia wa supachaja. Ikiwepo, waya ule umekaa muda mrefu kuliko ulivyopaswa, na oili ya giya za supachaja ikaguliwe kabla gari halijarudi barabarani.